Hasheem wa dakika 12

Ukiwa mrefu hapa Maswa, msomaji wangu, jina lako unalisahau. Mimi nina futi 6 na inchi 4, basi toka sokoni hadi stendi watoto wananiita Hasheem. Sikasiriki. Kinachoniudhi ni maneno ya kijiweni: "Huyo Hasheem wenu si alichemsha Marekani?"

Haya. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15. Juni 2009 zilipofika zamu za timu za NBA kuchagua vijana, Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa wa 2. Wa 3 alikuwa James Harden, wa 7 Stephen Curry. Hapo ndipo kelele zilipoanzia, maana wale wakawa wafalme, na yeye Februari 2010 akashushwa ligi ndogo, Dakota Wizards.

Mimi nasema jamaa alibadilishiwa mchezo. Chuoni Connecticut alisimama chini ya ringi kama mlinzi wa benki, kazi kukataa mipira. Januari 2009 walipocheza na Providence alikataa 10, akafunga pointi 15 na kudaka ribaundi 11. Kumbe NBA wana sheria yao: beki asiyemkaba mtu haruhusiwi kuganda pale chini zaidi ya sekunde 3. Mlinzi wa benki anaambiwa atembee! Vijana wepesi wanamvuta nje, na zile futi 7 na inchi 3 zinageuka mzigo.

Memphis, Houston, Portland, kote alisugua benchi. Julai 2012 akasaini Oklahoma City Thunder, na hapo ndipo pa kumwangalia. Timu ina Kevin Durant na Russell Westbrook, mpira angeupata wapi? Kazi yake ikawa kusimama kama ukuta mwenzake apite, kugombea ribaundi, kula faulo, kurudi kukaa. Msimu wa 2012-13 alicheza mechi 66, wastani wa dakika kama 12 na pointi 2.4. Washkaji wanaicheka hiyo 2.4. Hawaoni kwamba kila akitupa mara 10, mara 6 zilizama, kwa sababu alitupa pale tu alipopajua. Hesabu hiyo naipenda kuliko danki yoyote.

Timu hiyohiyo ilikuwa na Serge Ibaka wa Kongo Brazzaville. Naye alijulikana kwa kukataa mipira, halafu akajifunza kutupa kutoka mbali, na 2019 akabeba ubingwa na Toronto Raptors. Kila mtu na njia yake. Hasheem yake ilimfikisha Japani, Yokohama B-Corsairs, 2017, na Taiwan 2020 akiwa na miaka 33. Nani anamkatia tiketi ya ndege mtu aliyechemsha?

Mnaona nabishana sana? Ni kwa sababu kwenye saruji tunayochezea hapa, mrefu anatupwa chini ya ringi tangu kidato cha kwanza, hafundishwi hata kudunda. Mimi mkono wa kushoto nimejifunza nikiwa na miaka 22, shule nimeshamaliza, tena kwa kuvizia uwanja ukiwa mtupu mchana wa jua kali. Sasa kuna dogo wa kidato cha pili kashanipita urefu. Kocha wake anasema twiga hadundi mpira. Jumamosi saa kumi namtaka dogo nje ya mstari, adunde, na kocha anune tu.