Kuta za Kashmere Gardens

Katika aushi yangu ya useremala, niliyoianza kwa baba yangu Tanga na kuimalizia katika vitongoji vya kaskazini ya Dallas, kazi niliyoitenda kupita zote ni kusimamisha kuta za jipsamu. Kwani Plano, Frisco na McKinney zilipokuwa zikipanuka, na malisho ya ng'ombe yakigeuka mitaa mbele ya macho yetu, kila nyumba ilitaka kuta zake, na riziki yangu, pamoja na karo za watoto wangu, ilitoka katika bodi za kuta hizo. Naanza kwa kuutaja ujuzi huo kwa sababu ndio ulionikutanisha na aila ninayokusudia kuisimulia.

Tufani ya Harvey iliingia nchi kavu karibu na Rockport, katika pwani ya Texas, usiku wa tarehe 25 Agosti 2017, na badala ya kupita zake ikatua juu ya Houston kwa siku kadhaa, ikimwaga mvua ambayo mahali pengi ilizidi mita 1, hata nyumba zaidi ya 150,000 za wilaya ya Harris, ulimo mji huo, zikaingiwa na maji. Maji yalipotoka, njia ya I-45, ambayo kutoka Dallas hadi Houston ni mwendo wa maili 240 hivi, ilijaa watu wa kujitolea. Wengine walikwenda na Texas Baptist Men, jumuiya iliyokuwa wakati huo na umri wa nusu karne na uzoefu mwingi wa kusafisha nyumba baada ya gharika. Na kanisa letu la Waswahili, lenye Watanzania, Wakenya, na Wakongo waliopata kuishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nalo liliunda kundi lake. Sisi ambao utotoni tuliwaona wamisheni wa Kimarekani wakija kwetu na vitabu na dawa, tulikuwa sasa tukienda na mitaimbo, makoleo na toroli kuwahudumia Wamarekani majumbani mwao.

Tulipelekwa Kashmere Gardens, mtaa wa Wamarekani weusi kaskazini mashariki ya Houston, ambako kijito cha Hunting Bayou kilikuwa kimefurika. Nyumba tuliyopewa ilikuwa ya ajuza mmoja aliyeishi na mjukuu wake wa kiume, kijana wa miaka kumi na tisa. Nilimwita Mama, kama nilivyolelewa kumwita kila mwanamke wa umri wa mzazi wangu, naye akaniita mwanangu bila ya kuniuliza nimetoka nchi gani.

Kabla hatujagusa kitu alitutaka tuketi kibarazani, akapakua wali na kunde alizozipika kwa jiko la gesi alilokopeshwa na jirani. Kiongozi wetu alikuwa ametuusia, kwa nia njema kabisa, tusile chakula cha mtu aliyefikwa na msiba. Mimi niliona kinyume, na hata leo naona hivyo: mtu aliyepoteza vitanda, nguo na makabati bado ana cheo cha mwenye nyumba, na cheo hicho huthibitika kwa kumkirimu mgeni, basi anayeikataa takrima yake humpokonya kilichonusurika na maji. Nilinawa, nikala, na wenzangu wakala. Kunde zile, ambazo asili yake ni Afrika, zilikuwa na ladha ya kwetu Muheza.

Jipsamu hunyonya maji kama utambi, kwa hiyo ukuta uliofikwa na maji ya futi 2 huwa umelowa juu zaidi ya hapo, na ukungu huota mahali jicho lisipoona. Aghalabu hukatwa kwa futi 4, ambacho ndicho kipimo cha upana wa bodi, ili bodi mpya iingie bila ya kuunga vipande. Lakini nyuma ya jipsamu ya nyumba ile tulikuta mbao nene za zamani, ngumu na nzima. Nikawasihi vijana wetu wasizing'oe, maana mbao za namna ile husuguliwa, hunyunyiziwa dawa ya ukungu, hukaushwa, na huishi.

Katika pilikapilika hizo kijana wetu mmoja alikwisha kulitupa rundoni, kando ya njia, sanduku la saksafoni lililovimba kwa maji. Nilimwona Mama akilitazama pasi na kusema neno. Nililirudisha. Ilikuwa saksafoni ya mwanawe marehemu, aliyeipiga katika bendi ya shule ya Kashmere, ambayo mwalimu Conrad Johnson aliifanya mashuhuri katika miaka ya 1970. Tangu hapo niliweka sharti kwamba hakitoki kitu nyumbani humo ila kwa idhini yake, hata kikiwa kijiko. Na kazi ikawa polepole, nami sikujali.

Kubomoa kulikuwa na watu maelfu. Kujenga kulikuwa na wachache. Hati ya nyumba ya Mama ilikuwa bado kwa jina la baba yake aliyekufa zamani, jambo la kawaida katika mitaa ya namna ile, ambako nyumba hurithiwa kwa maneno, na kwa sababu hiyo fedha za msaada alizozitarajia hazikuja. Dada mmoja wa kanisa letu alimpeleka kwa mawakili wa Lone Star Legal Aid, ambao huwahudumia wasio na uwezo bila ya malipo. Serikali kuu ililegeza sharti la hati mwaka 2021 tu, na mtu hawezi kulala miaka minne katika nyumba isiyo na kuta.

Kwa hiyo nilirudi, mwisho wa juma kwa mwisho wa juma, nikiwa na bodi zilizonunuliwa kwa sadaka ya kanisa. Mjukuu alishika upande mmoja nami nikashika wa pili. Nikamfundisha kupima, kukata kwa kisu, kupiga skrubu zisichane karatasi, na kupaka lipu ya maungio mara tatu, akiisugua kila inapokauka. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu nilipokuwa na umri wake. Chumba cha nyuma alikimaliza peke yake, na katika baridi kuu ya Februari 2021, mabomba yalipopasuka kote Texas, yeye ndiye aliyekuja na zana zake kuzitengeneza kuta za jamaa yetu mmoja huko Fort Worth, akakataa malipo, akataka chakula.