Kupanda Saboti

Ukitoka Kitale asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika Mlima Elgon, matatu inapita mahindi kwa mahindi hadi Saboti. Huko juu baridi inaanza kuuma, na akina mama wanapanga kabeji na viazi kando ya barabara. Wageni wengi wa mlima huu hukimbilia lango la Chorlim, waone pango la Kitum ambamo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao. Waache waende. Mimi napenda huku, mashamba yanapokutana na msitu.

Hapo mpakani utakuta miche inayofika magotini imesimama katikati ya maharagwe. Mkulima anapalilia maharagwe yake, na mche wa serikali unapaliliwa humo humo. Mfumo huu wa shamba ulianzia Burma, ukaingia Kenya yapata mwaka 1910. Umepigwa marufuku zaidi ya mara moja, na si bure: kuna wakulima waliokata mizizi ya miche kisirisiri, maana matawi yakishafunika jua, baada ya miaka mitatu hivi, lazima wahame.

Juu zaidi hupandwa miti ya asili, podo na mwerezi. Wanachama wa vyama vya misitu hubeba miche kwa beseni. Karatasi ya mche hupasuliwa kwa wembe, udongo usimomonyoke, mche unaingia shimoni, kisigino kinashindilia. Kazi ya dakika moja, ukiwa umeizoea.

Na si wote wanaoshika jembe kwa hiari. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 humruhusu hakimu kumpa kifungo cha nje mtu ambaye angefungwa hadi miaka mitatu. Kutengeneza barabara na kupanda misitu ni miongoni mwa kazi zilizotajwa humo. Makosa yenyewe mara nyingi ni madogo: chang'aa, au kukata mti bila kibali. Huyo wa pili akipewa mche apande, naona hakimu amepatia kabisa.

Maji ya upande huu wa mlima huteremka hadi Mto Nzoia, kisha Ziwa Victoria, kwa hiyo anayepanda hapa anamnywesha hata mtu wa Budalang'i.

Njoo Aprili au Mei, mvua ikiwa imekolea. Vaa gamubuti, kwa sababu barabara itakuwa tope tupu, na ukiona watu wanapanda, omba jembe. Hawakatai.