Mtoto Wetu na Mto wa Lukuga

Wengi wenu mmekwisha kutuuliza, wengine kwa adabu na wengine kwa kucheka, kwa nini binti yetu anaitwa Lukuga. Jina la mto, tena la mto ambao wengi hawajauona! Tungeweza kujibu kwa maneno mawili, lakini heri tuwachukue mpaka penyewe.

Mtoto alizaliwa Kalemie, kwao mama yake. Sisi tulikuwa Lubumbashi kazini, shule haijafungwa. Tulipopata habari tukaomba ruhusa, tukapanda gari la moshi. Njia hiyo ni ndefu: Kamina, halafu Kabalo kwenye ukingo wa Lualaba, na hapo reli inageuka kuelekea mashariki. Kutoka Kabalo mpaka Ziwa Tanganyika ni kilometa zipatazo 270, na reli ilifika huko mwaka 1915. Mwenye haraka asiipande. Sisi tulikuwa na haraka sana, ila fedha za ndege hatukuwa nazo.

Ukisha kupita Nyunzu, gari linaandamana na bonde la Lukuga. Mto unaonekana, unapotea nyuma ya majani, unarudi tena. Sisi tulikuwa tukienda ziwani, nayo maji yalikuwa yakitoka ziwani, hata ikawa kama yanakuja kutulaki. Mama mmoja mwuza samaki, aliyekaa mbele yetu na makapu yake matupu, akatazama nje akasema: «Maji haya ni ya kwetu. Ziwa lina mlango mmoja tu, nao ndio huu.»

Alisema kweli. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670, na kina chake kinapita mita 1,400. Mito mingi inaingia humo, lakini unaotoka ni Lukuga peke yake, nao unakwenda kuingia Lualaba karibu na Kabalo. Jambo hili tumelifundisha darasani mara nyingi, na wanafunzi wamelikariri. Siku ile lilituingia moyoni kwa sababu nyingine.

Tulikaa katika ndoa miaka minane bila mtoto. Ninyi mliopita njia hiyo mnaijua. Wengine hatutaweza kuwaeleza. Ndugu zetu hawakukosa maneno. Walitushauri kutafuta mke mwingine, wakasema wazi kwamba huyu amekauka. Mama wa mtoto aliyasikia yote, akapika, akawapakulia. Nasi, tukiri hapa, hatukuwajibu kila mara kama ilivyotupasa.

Basi, tukiwa dirishani tukakumbuka somo letu wenyewe. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika penye Lukuga akasema kwamba maji ya ziwa yanatokea hapo. Mwaka 1876 Stanley akafika naye, akakuta mkondo umezibwa na mchanga na mafunjo, maji hayaendi. Mabishano yakawa makubwa huko Ulaya. Kumbe miaka hiyo ziwa lilikuwa likijaa polepole nyuma ya kizuizi, mpaka likakivunja. Mwaka 1879 Thomson akaona mto unashuka kwa nguvu kuelekea magharibi. Wote walisema walichokiona; ila aliyeona mto umesimama angeweza kudhani umekufa. Kabla ya kufika kituoni Kalemie tulikuwa tumekwisha kulipata jina.

Mama wa mtoto alilipokea mara moja. Lakini mama yake, mkwe wetu, alikataa. Alikuwa ameweka jina lake tayari: la marehemu dada yake mkubwa, aliyemlea tangu utoto. «Baba Mwalimu,» akatuambia, naye hakupaza sauti, «dada yangu hakuacha mtoto. Asipopata somo katika nyumba hii, nani atamtaja? Tena huo mto, kazi yake ni kutoa. Unataka binti atakayemaliza nyumba?»

Hatukuwa na jibu. Mtu aliyesoma hudhani mabishano ya namna hii ni mambo ya ushamba, mpaka akae mbele ya mama mzee anayemlilia dada yake.

Aliyejibu ni mama wa mtoto, kitandani mwake. «Mama, miaka minane walisema nimekauka. Sikukauka. Nilikuwa nimezibwa.» Akamgeuzia mtoto ziwa la pili. Mzee akatoka nje.

Kesho yake asubuhi akatuita tufuatane naye. Akatupeleka mpaka mahali ziwa linapoacha kuwa ziwa na kuanza kuwa mto. Ukitegemea kuona maporomoko na kelele, utasikitika. Maji yanageuka tu, taratibu, majani yanayoelea yanashika safari. Akatuonyesha alama za maji katika kuta za nyumba. Mwaka 2021 ziwa lilipanda likafukuza watu wa pwani, na mwaka 2024 likapanda tena; safari hiyo lilimwingilia mpaka jikoni. Akasimama kitambo. Kisha akasema: «Mlango huu ungezibwa tena, tungekuwa wapi sisi?» Hakusema zaidi, nasi hatukumwuliza zaidi.

Padri wa parokia hakuona kizuizi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe geni kwa fikra za Kikristo. Tukamwongezea la Magdalena, naye padri akacheka: hilo nalo ni la mahali! Ndivyo, maana Maria Magdalena aliitwa hivyo kwa mji wake, Magdala, penye Bahari ya Galilaya. Naye Florence Nightingale, mwuguzi mashuhuri, aliitwa kwa mji wa Italia alimozaliwa mwaka 1820. Dada yake, aliyezaliwa Napoli mwaka 1819, akapewa jina la kale la mji huo, Parthenope. Huyo wa pili tunamhurumia kidogo.

Kwetu Kongo mambo yalikwenda kinyume: miji ndiyo iliyopewa majina ya watu. Lubumbashi ilikuwa Elisabethville, kwa heshima ya malkia wa Wabelgiji. Kalemie ilikuwa Albertville. Mwaka 1966 miji hiyo ikapata majina ya hapa, na Lubumbashi likiwa la mto. Mwaka 1972 ikawa zamu ya watu, wazee wetu wakaamriwa kuyaacha majina yao ya ubatizo. Tangu mwaka 1987 Sheria ya Familia inataka majina yatolewe katika urithi wa utamaduni wetu, wala yasiwe ya kutukana au kuaibisha. Nasi tunauliza, mto wetu si urithi? Kuna wazazi wanaomwita binti kwa mji wa mbali waliouona katika fulana. Hatuwahukumu, ila siku mtoto atakapouliza, watamwambia nini?

Tulikwenda kumwandikisha kabla siku 90 za sheria hazijapita. Nyumba ya mkwe wetu iko katika komini ya Lukuga, mojawapo ya komini tatu za Kalemie. Karani akaandika mahali, akauliza jina, tukamwambia. Akaweka kalamu chini. «Bwana, mahali nimekwisha kuandika. Nataka jina.» Tukarudia mara tatu. Mwishowe mkwe wetu mwenyewe, aliyekuwa amembeba mtoto, akamwambia: «Andika, mwanangu. Ndilo hilo hilo.»

Lakini yeye hajamwita mtoto Lukuga hata siku moja. Anamwita kwa jina la dada yake, na mtoto anageuza kichwa kwa yote mawili. Mgeni akifika na kuuliza jina la mtoto, bibi humtoa uani, akanyosha kidole upande wa mto.