Kawangware hadi Kitale: yasome mahindi ukipita

Ukitaka kujua kama unga utapanda bei, usingoje kuambiwa na mwenye duka. Mahindi yenyewe husema mapema, mwezi wa Mei, yakiwa hayajafika kiunoni. Taabu ni kwamba watu wengi wa Kawangware huenda nyumbani magharibi kwa basi la usiku. Wanapanda jioni, wanajifunika shuka, na wanaposhtuka wako Webuye. Ghala zima la nchi limewapita gizani. Safari hii nenda mchana, na watoto ukiweza, na uketi dirishani.

Anzia sokoni hapo hapo mtaani. Muulize mama wa nafaka bei ya gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili hivi, kisha uulize, "Mama, haya ni ya Kitale?" Mwezi wa Mei huenda akakucheka. Ya Kitale yamepungua, na katika miezi hii ya njaa mahindi mengi huvuka mpaka kutoka Uganda na Tanzania. Utakumbuka kwamba Machi 2021 serikali ilipiga marufuku mahindi ya nchi hizo mbili kwa sababu ya sumukuvu, na marufuku hiyo haikumaliza wiki moja kabla ya kulegezwa. Ugali wetu una majirani wengi.

Basi shika barabara ya Naivasha, upite Uthiru, uingie barabara kuu. Kando ya vijito na nyuma ya mabati utaona mistari michache ya mahindi na sukuma wiki. Usiyadharau, kuna jiko linaloyategemea, lakini hayawezi kukuonyesha hali ya nchi. Kikuyu ndipo somo linapoanza. Mashamba ni madogo, mahindi na maharagwe yamepandwa pamoja, na kwa kuwa maharagwe huwahi kukomaa, ndiyo yanayoijaza sufuria ya githeri kwanza. Limuru ni chai na baridi, tupite.

Sasa, unatazama nini? Kwanza, nafasi. Mkulima hushauriwa kuacha sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashina, jambo linalompa mimea kama 21,000 kwa ekari. Ukiona mapengo mengi kwenye mistari, mbegu zilioza au mvua ilikatika baada ya kupanda. Mkulima anaweza kurudishia mbegu, lakini mmea uliochelewa wiki tatu hufunikwa na wenzake. Pili, rangi. Jani la chini likianza kuwa manjano kwenye ncha na manjano hayo kufuata mshipa wa katikati, mmea unalia njaa ya naitrojeni. Mahindi machanga yakiwa na rangi ya zambarau, mara nyingi yamekosa fosforasi, au ardhi ni ya baridi mno na mizizi haijaweza kuifikia. Wanafunzi, haya mmeyasoma darasani. Hapa yako nje ya dirisha.

Barabara inateremka ukutani mwa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, ambako Aprili 2024 maji yalishuka usiku na kuua makumi ya watu. Mvua ndiyo tunayoiomba kila Machi, nayo huja inavyotaka. Naivasha na Gilgil ni kukavu, usihuzunike ukiona mahindi mafupi huko. Baada ya Nakuru barabara inapanda tena mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, ambako viazi hupendeza kuliko mahindi, na abiria wote hufunga madirisha.

Kuanzia Burnt Forest, msomaji, acha kusinzia. Hapa mpaka Eldoret, halafu Soy, Moi's Bridge na Kitale, ndipo sahani yako inapoamuliwa. (Watoto watakuuliza kama Soy kunalimwa soya. Ni jina tu. Soya nchini bado ni haba, na nyingi tunaiagiza kutoka nje.) Mbegu za nyanda hizi zina historia ndefu. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa hybridi 611, iliyozaliwa kwa kuchanganya mahindi ya hapo Kitale na mengine yaliyotoka Ecuador, Amerika Kusini. Ndugu yake 614 bado anatajwa na wazee kama jina la fahali mzuri. Hukaa shambani kama miezi sita au saba, kwa hiyo mahindi unayoyaona Mei hutayala kabla ya Oktoba.

Gari likisimama Moi's Bridge, shuka, umwamkie mkulima, "Chamgei." Mwombe akuonyeshe moyo wa mmea mmoja. Ukiona matundu na taka kama unga wa msumeno, huyo ni kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Kenya mwaka 2017 na hajaondoka. Akipatikana mapema, akiwa bado mdogo, dawa humfikia. Akishajificha ndani, dawa nyingi hupotea bure. Ugonjwa wa kukausha mahindi ulioonekana Bomet mwaka 2011, unaoletwa na virusi viwili vikikutana, hauna dawa. Mmea ulioushika hung'olewa.

Lakini mkulima huyo atazungumzia zaidi mbolea ya kukuzia. Mwaka 2023 serikali iliteremsha bei ya gunia la kilo 50 kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500. Mwaka uliofuata kukazuka kashfa ya mbolea ghushi, na waliopanda nayo wakabaki wakitazama majani ya manjano. Mbolea ya kukuzia hutiwa mahindi yakifika magotini. Siku hizo ndizo zile zile ambazo shule zimefungua muhula wa pili na karani anadai karo. Mzazi wa Kawangware mwenye shilingi elfu tatu mkononi anajua shida hii vizuri: azipeleke shuleni, au azitume nyumbani kwa mama? Karani unaweza kumwomba wiki mbili. Mahindi hayakubali kuombwa. Mimi ningetuma kwa mama.

Ukiendelea mpaka Bungoma au Kakamega utashangaa. Huko walipanda mapema, mara nyingi kabla Machi haijaisha, na mwisho wa Mei shamba lililotunzwa limeanza kutoa mbelewele. Palipo na kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi, mahindi yamedumaa hata kama mvua ilinyesha vizuri. Pengine pote hesabu majuma saba au nane tu, kisha magunia yataanza kupakiwa juu ya mabasi, yakirudi kwa njia ile ile uliyoijia, na mama wa nafaka atakuwa na jibu jingine kuhusu gorogoro yake.