Na Mustang Hadi Lubumbashi

Dar es Salaam, kijana akitaka kutamba barabarani hununua Toyota Crown au Subaru, na usukani huwa kulia kama tulivyozoea tangu enzi za Mwingereza. Gari nililopanda alfajiri ile Kurasini lilikuwa la ukoo mwingine kabisa: Ford Mustang GT ya 2016, nyekundu, milango miwili, injini ya silinda nane yenye lita 5, usukani kushoto. Lilikuwa limeshushwa melini kutoka Dubai na sasa linakwenda Kongo kwa barabara, gari la IT, la kupita tu nchini, kama tunavyosema. Mwenye mali, mfanyabiashara wa vipuri vya mitambo ya migodi huko Lubumbashi, alikuwa ameniomba nilisindikize, kisha nikifika nimtazamie Mustang nyingine, ya zamani, aliyosikia inauzwa mjini kwao. Mimi ni mtu wa kuandika habari za magari na sikuwahi kuvuka mpaka wa Tunduma. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Dereva alikuwa mzee wa Kitanga aliyezeekea kwenye njia hiyo. Akawasha. Sauti ya V8 ya Kimarekani ikiwa imesimama ni ya wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa michi miwili: hawagongani, lakini pigo haliji pale unapolitarajia. Niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Walinzi wa yadi walisimama, mmoja akaweka chini kikombe chake cha chai.

"Kijana wangu," mzee akaniambia tulipopita Kibaha, "leo wewe ndiye jicho langu."

Nilielewa maana yake nyuma ya lori la kwanza. Sisi hupita kushoto, kwa hiyo mwenye usukani wa kushoto anakaa pembeni kwenye nyasi, na mbele yake haoni kitu ila tairi za lori. Aliyekaa upande wa katikati ya barabara ndiye anayeona linalokuja, na huyo nilikuwa mimi. Hadi Morogoro tulishapata lugha yetu. Nikisema "bado" anatulia, nikisema "nyeupe" anakanyaga, na zile nguvu za farasi 435 zinatuvusha lori na tela lake nikiwa bado sijavuta pumzi. Sijawahi kuaminiwa namna hiyo barabarani, na nilifurahi.

Matuta ndiyo yalikuwa adui yetu. Gari hili limelala chini, limetengenezewa barabara zisizo na tuta mbele ya kila shule. Mzee aliyaendea kwa mshazari, tairi moja baada ya nyingine, pikipiki zikitupita huku zikipiga honi. Mikumi tulikwenda taratibu kama sheria ya hifadhi inavyotaka, twiga watatu wakatutazama kwa muda mrefu kuliko sisi tulivyowatazama. Mlima Kitonga ulikuwa neema. Kona zile ambazo malori huzipanda kwa kuguna, Mustang ilizipanda kwa gia ya juu, bila kulalamika.

Tangi lake ni la lita 60 na halichelewi kuisha. Makambako, muuza mafuta aliniuliza kama kweli watu hununua gari la watu wawili kwa pesa zote hizo. Nikamwambia viti vya nyuma vipo. Akachungulia, akacheka.

Tukalala Mbeya, asubuhi tukavuka Tunduma na kurudisha saa nyuma kwa saa moja. Wazambia nao hupita kushoto, kwa hiyo kazi yangu ya jicho iliendelea, ila sasa niliongezewa mashimo. Kati ya Nakonde na Mpika kulikuwa na mahali barabara imekatika vipande, na gari lenye tairi pana na rimu za inchi 19 haliwezi kuvumilia hata shimo moja la pembeni. Tulikwenda mwendo wa baiskeli. Reli ya TAZARA ilituandama, mara kulia, mara kushoto, ile iliyojengwa na Wachina 1970 hadi 1975, na nilijikuta nikiionea wivu unyoofu wake.

Mpika, mezani kwa nshima na samaki wa kukaanga, mzee aliniuliza swali ambalo hakuwahi kupata wa kumuuliza: kwa nini Wamarekani walitengeneza magari ya namna hii? Nikamweleza ninavyojua. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilichukua injini kubwa ya gari la familia kubwa ikaitia kwenye gari la wastani, ikaliita GTO, na vijana waliozaliwa baada ya vita wakaligombania. Aprili 17 mwaka huohuo Ford wakazindua Mustang kwenye maonyesho ya New York, na haikupita miaka miwili wakawa wameuza milioni moja. Camaro na Charger zikafuata, kila moja ikitaka kuwa na nguvu kuliko jirani. Bima ikapanda, sheria za moshi zikaja, na 1973 bei ya mafuta ikaruka. Sherehe ikafungwa.

"Na hili letu?" akauliza.

Hili ni la ufufuo. Ford waliirudisha sura ya zamani kwenye Mustang ya 2005, Dodge wakaifufua Challenger 2008, Chevrolet wakafuata na Camaro. Nako sasa kunafungwa: Challenger ya mwisho yenye V8 ilitoka kiwandani Desemba 2023. Ndiyo maana watu wameanza kuzitunza. Mzee alinawa mikono, akatoka nje kwenda kulitazama tena gari alilokwisha kuliendesha kilomita zaidi ya elfu moja.

Baada ya Kapiri Mposhi lami ikawa njema na miji ikasongamana: Ndola, Kitwe, Chingola, Chililabombwe. Halafu foleni. Sijaona malori mengi hivyo mahali pamoja, hata bandarini kwetu. Yanayotoka Kongo yalikuwa yamefungwa mabamba ya shaba kwa minyororo, machache tu kwa kila lori kwa sababu ya uzito wake, kiasi kwamba kwa mbali ungedhani yanakwenda matupu. Kasumbalesa ilitumeza siku nzima. Kadi yangu ya njano ya chanjo ilitazamwa na watu kadhaa, karatasi za gari na wengi zaidi, kila mmoja akimaliza kwa kuomba tufungue boneti, na sikuona kama walikuwa na shaka yoyote. Walitaka kuiona injini.

Kisha geti likafunguliwa, mzee akahamia kulia.

Kongo hupita kulia kama Ubelgiji, na kwa mara ya kwanza tangu Kurasini dereva wetu alikuwa amekaa katikati ya barabara, mahali pake. Aliegemea kiti. Alipita lori bila kuniuliza. Mimi sasa ndiye niliyebaki upande wa nyasi, nimeachishwa kazi, na niliona waziwazi jambo ambalo vitabu vyangu vya magari havikunifundisha: gari hili halikuwa geni Afrika, lilikuwa geni kwetu tu. Challenger haikuwahi kutoka kiwandani na usukani wa kulia. Mustang ilianza kutoka hivyo 2015. Za zamani zilitoka kiwandani zikiwa za kushoto. Mkusanyaji wa Dar au Nairobi ataishi daima na jicho la kuazima, wakati wa Lubumbashi anakaa nyumbani kwake.

Kilomita tisini hivi baadaye likaonekana bomba refu la moshi la kampuni ya migodi ya Gécamines, na kando yake mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyushia shaba. Mji ulianzishwa na Wabelgiji 1910 kwa jina la Élisabethville, nao walichora barabara pana, zilizonyooka. Mtaa wa Golf, tajiri wetu alitupokea mlangoni na bukari, ugali wa huko, na sombe, yaani kisamvu. Alimshika mzee mkono kwa mikono miwili, "Papa, pole na njia," ndipo akaligeukia gari lake.

Asubuhi tukaenda mtaa wa Bel Air kutazama ile Mustang ya zamani. Ilikuwa chini ya mwembe, imefunikwa turubai, rangi ya kijani iliyopauka, tairi zimekufa. Mwenyewe alikuwa mjane wa fundi mkuu wa Gécamines. Komisioneri, dalali wa huko, alitutangulia kwa maneno: Mustang ya 1967, GT, injini ya K, ile ya farasi 271, adimu duniani. Bei aliyotaja ilikuwa ya adimu kweli.

Kwa gari la aina hii macho huja baadaye, namba huja kwanza. Mwili mpya wa chuma wa Mustang ya 1967 unaweza kuagizwa leo Marekani, umetengenezwa kwa idhini ya Ford yenyewe, na mjanja akaupachika namba yoyote. Tukafungua boneti. Namba imegongwa kwenye bamba la ndani la bawa, upande wa dereva. Nikapangusa vumbi kwa kidole: 7T01C, kisha tarakimu sita. Saba ni 1967. T ni kiwanda cha Metuchen, New Jersey, karibu na bahari ya Atlantiki, na si ajabu kwa gari la kuvuka maji. 01 ni paa la chuma. C ni injini ya inchi 289 yenye kabureta ya midomo miwili, farasi 200. Kibati cha mlangoni kilisema hivyohivyo.

Nikawaambia. Komisioneri akasema namba za Wamarekani hazieleweki. Mama akamgeukia.

"Mimi sikusema K. Wewe njo ulisema."

Akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki. Mume wake alilinunua 1974 kwa Mbelgiji aliyekuwa anafunga mizigo, na karatasi ya mauziano ilikuwamo, namba ileile hadi tarakimu ya mwisho, pamoja na risiti za kodi ya barabara za miaka mingi. Nilipitisha sumaku milangoni na kwenye mabawa. Ilinasa kila mahali isipokuwa chini ya bawa la kulia, palipozibwa puti. Kutu ilikuwapo sakafuni, kutu ya kweli isiyofichwa.

Nilimshauri tajiri anunue, kwa bei ya C. Nikampa mfano: Januari 2020 huko Kissimmee, Florida, Mustang ya 1968 iliyotumika katika filamu ya Bullitt iliuzwa kwa dola milioni 3.74, na rangi yake ilikuwa imechubuka, haikuguswa. Familia moja ilikaa nayo tangu 1974, ikatunza karatasi. Hii ya Bel Air haitafika hata karibu ya hapo, ni ya kawaida, moja kati ya nyingi. Ila ni ya kweli, na kwangu ya kawaida iliyo ya kweli inaishinda adimu ya kubuni.

Walipatana kwa dola. Mama alizihesabu moja moja juani, akarudisha noti iliyochanika ncha kidogo, ikabadilishwa bila ubishi. Kisha akaweka sharti: mjukuu wake anaolewa Agosti, katika kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, na bibi harusi atakwenda na gari la babu yake.

"Mama, litatembea," tajiri akasema, na akamtazama fundi wake.

Fundi alikuwa ameshaingia chini ya gari. Alitoa mkono nje akiomba taa na spana ya kufungulia tangi, na mimi nikakaa kwenye mizizi ya mwembe kuandika orodha ya vipuri vya kuagiza: pampu ya mafuta, vifaa vya kabureta, breki zote nne, raba za milango.