Thailand: Bata Ndiyo, Ng'ombe Hapana

Tangu niliporudi kutoka Thailand watu hawachoki kuniuliza: "Ati ni kweli wale watu wanakula kila kitu?" Wananiuliza nje ya kanisa baada ya Misa, wananiuliza dukani, hata watoto wa shule wananisimamisha njiani. Kila mmoja amekwisha kusikia habari za panya, za vyura, za wadudu, na za mbwa. Wanataka niseme ndiyo, wacheke kidogo, waende zao. Nami kila mara nawajibu kwamba sijapata kukaa na watu wanaochagua nyama kwa uangalifu kama wale. Hapo hawaniamini, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Mwaka 2015 nilikaa Thailand miezi sita kwa mafunzo ya kilimo cha mpunga, maana sisi tunaotoka bonde la Kilombero mpunga ndio maisha yetu. Siku nyingi zaidi nilikaa katika kijiji kimoja cha mkoa wa Khon Kaen, kaskazini-mashariki, sehemu wanayoiita Isan. Nilipewa chumba katika nyumba ya mzee mmoja na mkewe. Kwao baba huitwa Pho na mama huitwa Mae. Niliambiwa niwaite hivyo, basi na hapa nitawaita hivyo hivyo. Watu wa Isan hula mchele wa namna ya kunata, uliopikwa kwa mvuke na kutiwa katika kikapu kidogo. Unamega tonge kwa vidole, unalibonyeza, unachovya katika kitoweo kilichowekwa katikati ya mkeka. Mtu aliyelelewa kwa ugali hana haja ya kufundishwa.

Jioni ya kwanza, kabla hajawasha moto, Mae alimtuma binti yake aliyejua Kiingereza aje kuniuliza: "Je, unakula nyama ya ng'ombe?" Nilistaajabu. Hakuuliza habari za bata wala za chura, aliuliza habari za ng'ombe! Baadaye niliona kwamba swali hilo huulizwa mahali pengi katika nchi ile, nyumbani, hotelini na katika karamu. Anayejibu "mimi sili ng'ombe" haulizwi sababu, wala haonekani kuwa mgeni msumbufu. Anasogezewa bakuli jingine na mazungumzo yanaendelea.

Sababu nilizipata polepole. Pho alinieleza ya kwanza tukiwa shambani. Zamani mashamba ya mpunga yalilimwa kwa nyati wa kufugwa, yule mnyama mweusi mwenye pembe pana apendaye matope. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na trekta ndogo ya kusukuma kwa mikono, nao wameiita "nyati wa chuma". Lakini wazee hawajasahau. Nyati na ng'ombe walimlisha mtu kwa jasho lao, na katika mafundisho ya Kibuda kumwua mnyama mkubwa mwenye fadhila kwako ni kosa zito kuliko kumwua mdogo. Hata hivyo Pho mwenyewe anaila nyama hiyo! Isan ni mahali ambapo nyama ya ng'ombe hupendwa kuliko sehemu nyingine za nchi, hasa ile iliyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani siku moja kabla ya kukaangwa. Ila alikuwa na sufuria yake na kisu chake, vikikaa chini ya ghala, naye alipika na kula huko huko pamoja na rafiki zake.

Maana Mae hakuruhusu sufuria ile iingie jikoni kwake. Miaka mingi nyuma mtoto wao wa kwanza aliugua karibu na kufa. Mae aliweka nadhiri mbele ya Kuan Im, mungu wa kike wa huruma ambaye Wachina walimleta Thailand, kwamba mtoto akipona hataonja nyama ya ng'ombe maisha yake yote. Wanaomheshimu Kuan Im ni wengi sana katika nchi ile, nao ndio wengi wa wale wanaoikataa nyama hiyo. Mtoto alipona. Sasa ni fundi wa magari mwenye kitambi, naye anakwenda chini ya ghala kula na baba yake, na mama hasemi neno. Imani yake si imani yetu, lakini nadhiri ya mama kwa ajili ya mtoto mgonjwa nadhani hapa kijijini hakuna asiyeielewa.

Sasa nije kwa bata, maana huyu ndiye aliyenifurahisha.

Kwetu bata ni mnyonge. Anafugwa uani, anaogelea katika maji machafu, watoto wanamkimbiza, na akichinjwa wengi wanasema ananuka. Thailand nao wanasema ananuka! Wanalo neno lao la harufu hiyo, nao hawaifichi. Tofauti ni kwamba wao wanajua la kufanya. Kwanza wanakata kile kifuko cha mafuta kilicho juu ya mkia, ambacho bata hukitumia kupaka manyoya yake. Kisha wanambabua juu ya moto mpaka vinyoya vyote viishe, wanamsugua kwa chumvi, na wanampika pamoja na mchaichai na mizizi ya jamaa ya tangawizi. Harufu inakwisha kabisa.

Wachina waliohamia Thailand ndio waliompa bata cheo. Katika mwaka mpya wa Kichina familia zao huweka mbele ya mababu nguruwe, kuku na bata, na wakimaliza ibada wanakula wenyewe. Mijini utaona bata waliobanikwa, wekundu kama udongo wa matofali, wananing'inia nyuma ya kioo, na chini yake mtu anakatakata nyama na kuitia katika bakuli la tambi na supu yenye harufu ya mdalasini. Wengine wanamtia bata huyo wa kubanikwa katika mchuzi mwekundu wa nazi na pilipili, pamoja na nanasi au zabibu mbichi. Ulimi wangu ulikataa nanasi ndani ya mchuzi kwa muda wa wiki moja hivi, halafu ukanyamaza.

Lakini bata wa Isan ni mwingine. Siku ya karamu Pho alichinja wawili, na wanaume wakakaa chini kila mmoja na gogo lake la mviringo na panga, wakawakatakata mpaka nyama ikawa laini. Ikatiwa ndimu, pilipili, majani ya mnanaa, mchuzi wa samaki waliochacha, na unga wa mchele uliokaangwa kavu. Chakula hicho huitwa laap. Kelele za mapanga zilisikika mpaka barabarani, na jirani walijua hapo kuna wageni. Siku hiyo niliwaambia kwamba kwetu karamu bila mbuzi si karamu. Mae aliziba pua kwa vidole viwili. Mbuzi! Mnyama anukaye vile! Kwao mbuzi ni chakula cha Waislamu wa mikoa ya kusini, karibu na Malaysia, na Mthai mwingine anaweza kuzeeka asimwonje. Basi wasomaji, pale mimi ndiye niliyekuwa mtu anayekula vitu vya ajabu.

Hata sifa za bata zina upande wake. Wathai husema mtu ni kama bata akijua kila kazi kidogo kidogo: bata anaogelea lakini si kama samaki, anaruka lakini si kama ndege, anatembea lakini mwendo wake unaujua.

Shemeji yake Pho aliishi Suphan Buri, nchi tambarare ya mpunga iliyo kaskazini-magharibi ya Bangkok, nasi tulikwenda kumsalimu. Yeye alichunga bata, kama vile mtu achungavyo ng'ombe. Mpunga ukishavunwa, bata kwa maelfu huingizwa shambani, wanaokota punje zilizoanguka, wanakula konokono na wadudu waharibifu, na kuacha mbolea. Mwenye shamba anafurahi, mwenye bata hanunui chakula. Usiku wanafungiwa ndani ya uzio wa wavu, na asubuhi mayai yanaokotwa chini. Shamba likiisha, bata wanapandishwa katika lori kwenda wilaya nyingine.

Mwezi wa Januari 2004 ugonjwa wa mafua ya ndege ulitangazwa Thailand. Kuku walikufa ovyo, lakini bata wengi walibeba ugonjwa bila kuonyesha dalili, na kila lori lilipokwenda ugonjwa ulikwenda nao. Mamilioni ya ndege waliuawa kwa amri ya serikali ili kuukomesha. Kuanzia mwaka huo hadi 2006 waliugua watu 25, wakafa 17. Mzee yule alituonyesha mahali kundi lake lote, bata elfu tatu, walipotiwa katika magunia na kufukiwa. Hakulalamika, maana alijua watoto walikufa kwa ugonjwa huo. Alisema tu kwamba kwa siku nyingi baadaye aliamka alfajiri kwenda kuokota mayai. Kuhamisha bata ovyo kutoka mkoa hadi mkoa kulikatazwa, naye akarudi na kundi dogo lisilotoka nje ya wilaya.

Mayai hayo ya bata yana habari yake, na humo yumo mama mmoja Mkatoliki. Katika karne ya 17, Ayutthaya ilipokuwa mji mkuu wa nchi, wakati huo ikiitwa Siam, alikuwako Maria Guyomar de Pinha, mwenye damu ya Kijapani na Kireno. Mumewe, Mgriki Constantine Phaulkon, alikuwa mtu mkubwa kwa Mfalme Narai, akauawa mwaka 1688. Maria akawekwa kufanya kazi katika jiko la mfalme. Wathai husema yeye ndiye aliyewafundisha kupika vitamu vya Kireno kwa viini vya mayai na sukari. Kimoja ni kama nyuzi ndefu za dhahabu, nacho huliwa harusini. Hawakati nyuzi hizo, ili maarusi wakae pamoja miaka mingi. Mpishi mzuri anataka mayai ya bata, kwa kuwa kiini chake ni kikubwa na rangi yake imeiva.

Habari za wadudu nitazipita upesi, maana ndugu zetu wa Bukoba wenye senene watanicheka nikijifanya nashangaa. Miaka ya 1978 hadi 1981 nzige walishambulia mahindi ya Thailand, dawa ya ndege haikuwashinda, serikali ikawaambia watu wawakamate wawale. Walikula, wakawapenda. Nyenje nao wanafugwa katika matangi ya saruji, na wakulima wengi wa Khon Kaen wamesomesha watoto kwa nyenje. Panya wanaoliwa ni wale wa mashamba ya mpunga, wala si panya wa nyumbani, na ndugu zetu wa kusini wanaijua tofauti hiyo.

Mbwa ni shauri jingine, nalo linatugusa. Watawa wa Kibuda, ambao kila asubuhi hupita na bakuli kupokea wanachopewa, wanaruhusiwa nyama kama mnyama hakuchinjwa kwa ajili yao. Lakini sheria yao ya kale inawakataza nyama za namna kumi: ya mtu, tembo, farasi, mbwa, nyoka, simba, simbamarara, chui, dubu na fisi. Wathai walio wengi hata wasio watawa wanachukizwa na nyama ya mbwa. Mwaka 2002 Mfalme Bhumibol mwenyewe alitoa kitabu juu ya mbwa wake aliyetoka mtaani, nacho kilinunuliwa mno. Sasa, kijiji kilichokuwa na jina baya kwa biashara ya mbwa ni Tha Rae, mkoa wa Sakon Nakhon, kando ya ziwa Nong Han. Na Tha Rae ni kijiji cha Wakatoliki, kilichoanzishwa mwaka 1884 na Wakristo, wengi wao wa asili ya Vietnam, ambako mbwa huliwa. Kwa miaka mingi wafanyabiashara walizunguka vijijini wakibadilisha ndoo za plastiki kwa mbwa, na kuwavusha mto Mekong kwenda kuwauza. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama ilitoka mwaka 2014.

Nilikwenda kusali huko Jumapili moja. Kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli lilijaa, na nyimbo zao zingeweza kuamsha kijiji kizima. Katekista mmoja mzee aliniambia kwamba wakienda Bangkok hawapendi kutaja wanakotoka, maana mtu anacheka papo hapo na kubweka kama mbwa. Yeye mwenyewe hakupata kuila nyama ile. Kwao ni familia chache tu zilizofanya biashara hiyo, lakini jina walipewa wote.

Mimi nimerudi kwetu na kuanza kufuga bata kando ya majaruba yangu. Leo ninao kumi na wanne, na konokono wamepungua. Mke wangu amejifunza kukata kile kifuko cha mkia, na watoto wanagombania mapaja. Mama mkwe alipokuja kututembelea nilimtuma mke wangu amwulize kwanza kama anakula bata. Alijibu kwamba mayai atakula, ila nyama asitengewe. Sikuuliza sababu. Alipoondoka tulimfungia mayai kumi katika kikapu chenye pumba, na mwezi uliofuata akatuma mtu na kikapu kitupu.