Antena za skrapu, ripita ya mlimani

Wanaonijua kwa kuandika programu wananiuliza mbona siku hizi nashinda Kariobangi kwa wauza skrapu. Ni antena. Kampuni nyingi zilizotumia redio za VHF zilihamia simu za mkononi, na antena zao zinang'olewa na kuuzwa kwa kilo kama sufuria kuukuu. Niliyopata ina daipoli nne zilizokunjwa, alumini nzito. Mpya singeiweza.

Sasa, hii iliundwa kwa 155 MHz. Sisi wa redio za ridhaa tuna 144 hadi 146 MHz. Masafa yakishuka wimbi linarefuka: nusu wimbi kwa 155 ni kama sentimita 97, kwa 145 ni 103. Basi kila daipoli inataka sentimita 6 hivi zaidi, 3 kila upande. Usisahau kebo zinazogawa nguvu kwa zile daipoli nne, nazo zilikatwa kwa kipimo cha wimbi. Robo wimbi ndani ya kebo ya kasi ya asilimia 66 inatoka sentimita 32 hadi 34. Nilitupa zote nikakata mpya.

Rafiki yangu mmoja aliona najisumbua. Mita ya SWR inasoma 2, ni asilimia 11 tu ya nguvu inayorudi, si uiache hivyo? Kwa redio ya gari ningemkubalia. Lakini ripita inasikia na kusema wakati mmoja kwa antena ile ile, masafa yakipishana kHz 600 tu. Inarusha wati 25 huku ikitega sikio kwa ishara isiyofika hata maikrovolti 1. Hapo bolti yenye kutu, au kiungo cha alumini chenye ule ukungu mweupe, kinageuka diodi. Kinachanganya mawimbi, kinakwaruza, na ripita inakuwa kiziwi. Duplexa haikuokoi, maana kelele inazaliwa mbele yake, kwenye antena yenyewe. Na mita ya SWR haitakwambia kitu.

Kurefusha daipoli nne ni viungo 16 vipya. Wenzangu walitaka riveti, zingemalizwa kwa saa moja. Nilikataa katakata. Nikazipeleka kwa fundi wa jua kali anayechomelea rejeta kwa gesi ya agoni. Akazigeuzageuza, akaniuliza, "Boss, hii inashika stesheni gani?" Lakini kazi yake, jamani, safi kabisa. Bolti nikaweka za chuma kisichoshika kutu.

Jaribio langu ni rahisi: sikiliza ishara dhaifu transmita ikiwa imezimwa, kisha iwashe. Yetu haikubadilika. Jioni hiyo mzee mmoja wa huko bondeni, mwenye redio ya mkononi ya wati 5, aliita mara moja tu, tukampata neno kwa neno. Kwa antena ya zamani tulikuwa tunasikia nusu ya jina lake la redio.

Antena ya pili iko veranda, ya 160 MHz. Hiyo itataka kama sentimita 10. Mwenye bomba za alumini anitafute.